Kumi na Moja wa Tarehe Mosi Januari

Ukitaka kumwona Muairishi anageuka rangi, mpe pasi kumi na moja za Waomani waliozaliwa siku moja.

Mwaka 1998 Bwana Fergal alikuwa katibu wa chama chetu cha hoki ya wakongwe hapa Maskati. Kwao Dublin alishafukuzwa ukatibu mara moja, kwa kupitisha mchezaji wa umri wa uongo. Akifukuzwa tena, basi, arudi kwao akafuge kondoo. Sasa sisi tumealikwa Malaysia, mashindano ya waliotimiza arubaini na tano, na saini ya kuthibitisha umri ni yake.

"Nasr," akanambia, kashika kichwa, "wote mmezaliwa tarehe mosi Januari?"

"Wote."

"Mama zenu walipatana?"

Nkamweleza: tulitoka Unguja wakati wa mapinduzi, na nguo tulizovaa tu, bila vyeti. Karani hapa akikuuliza umezaliwa lini, unajibu, "Mwaka wa mavuno makubwa ya karafuu." Anakutazama uso, anakukisia mwaka, na siku anakuandikia ya mwanzo wa mwaka.

"Kwa hivyo nani anajua umri wenu?"

"Bi Khole," akadakia Aflah, kipa wetu.

Bi Khole alikuwa mkunga Ng'ambo, kule kule Unguja. Timu nzima imepita mikononi mwake. Tukampeleka Fergal kwake, Wadi Kabir, hapa hapa Maskati. Bibi akatupanga ukutani, akavaa miwani, akapita akitushika videvu kama anayechagua mananasi.

"Yaqdhan huyu, alitanguliza miguu. Arubaini na nane. Aflah, kichwa kikubwa, nkadhani pacha. Arubaini na saba."

Mimi nafasiri, Fergal anaandika. Wallahi, alipofika wa tano, Fergal mwenyewe kanyoosha kidevu.

Ikafika zamu yangu.

"Huyu kazaliwa wiki moja na binti yangu Shariffa. Arubaini na tatu."

"Anasema hamsini," nkafasiri.

"Muongo we!" Shariffa huyo, katoka jikoni na sinia la kahawa, akamwambia Fergal kila kitu kwa Kiingereza kilichonyooka. Anasomesha Kiingereza skuli ya Azaiba, nlisahau.

Fergal akatazama pasi yangu: hamsini. Akamtazama bibi. "Sasa nimfuate nani, serikali au mkunga?"

Akameza kahawa yake, akachukua kalamu, akanikata. Nafasi yangu akapewa Awadh, ambaye sitini zake zaonekana toka barabarani. Bi Khole akatia dole gumba chini ya orodha.

Kule Malaysia madaktari wakawapima meno, magoti, mpaka kucha. Bi Khole hakukosea hata mwezi. Waliotolewa kwa umri wa uongo ni timu tatu nyengine, makatibu wao wakafukuzwa, na Fergal akapewa kusimamia umri wa wachezaji wa Asia nzima.

Alikuja kuniaga. Akakaa, akauliza polepole, "Nasr, sema kweli. Una miaka mingapi?"

Nkamwambia sijui. Hakuniamini.