Nimehifadhi

Vumbi la Karatu halibishi hodi. Linaingia kwa chini ya mlango, linaingia kwa tundu la ufunguo, linapanda kitandani, linakaa juu ya uji. Lami ilipofika mjini watu walisema basi, vumbi limekwisha, na kwa wiki moja hivi hata Thadei aliamini. Kisha upepo wa Septemba ukapita juu ya mashamba makavu ya Qurus, ukaokota kila kilicholegea, na jioni ile ile nyumba zote zilikuwa nyekundu tena. Mwaka ule lilimfuata Thadei mpaka ndani ya kompyuta.

Tuseme ukweli, halikuingia siku ile moja. Lilikuwa likiingia miaka mitatu, punje kwa punje, kupitia vile vitundu vya nyuma ambavyo mkewe Blandina alivifunika kwa kitambaa cha kudarizi. Kompyuta ikaanza kukohoa. Ikaanza kuzimika bila kuambiwa. Thadei alikuwa ameendesha Landrova za watalii miaka ishirini na minane, alijua kikohozi cha kila injini, na aliposikiliza alijua huu si ugonjwa wa kupona wenyewe.

Na ndani ya kompyuta ile alikuwamo Winnie.

Winnie, binti yao wa pekee, alikwenda Ujerumani mwaka elfu mbili na mbili kusomea uuguzi kwa masista. Aliandika kila Jumapili. Barua pepe zilishuka kwa waya wa simu, polepole, zikipiga kelele njiani, na zikishashuka, huko zilikotoka hazikubaki. Thadei alizipokea moja moja akaziweka kwenye folda yake, zikafika hamsini na tatu. Jumapili ya hamsini na nne Winnie alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Jumatano alikuwa amekufa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Walimzika Kibosho, kihambani kwa babu yake, kwenye migomba, kwa kuwa wao ni watu wa Kilimanjaro na Karatu walikuja kutafuta maisha tu. Kaburi likabaki Kibosho. Karatu ikabaki kompyuta.

Ewe sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, ewe mwenye taa moja ya kijani na feni yenye pumu, nani alikupa mtoto wa watu umlee? Wenye nyumba walikununua kwa ajili ya wageni na safari zao. Wewe ukajipa kazi ya kaburi, na hakuna aliyekukataza.

Kila Jumapili baada ya misa Thadei alikaa mbele ya kompyuta. Blandina alikaa nyuma yake, karibu na dirisha, na ungo wa maharage mapajani. Yeye alijua kusoma kuliko mumewe. Alifundisha darasa la tatu mpaka alipostaafu. Lakini tangu msiba hakuweza kukitazama kile kioo. Alisema masikio yanaweza, macho hayawezi. Basi akachambua maharage, na Thadei akasoma barua moja, moja tu, kwa sauti.

Akasoma kuhusu theluji. Akasoma kuhusu bibi wa wodi namba sita aliyemwita Winnie chokoleti, na Winnie akamwita maziwa, wakacheka mpaka sista akaja. Akasoma kuhusu ugali wa semolina uliogoma kushikana. Akasoma pale mtoto aliposema usiku anamsikia fisi wa Karatu, halafu anakumbuka kwamba huko hakuna fisi. Walikuwa wanakaribia kuzimaliza kwa mara ya pili, na Blandina hakuchoka, na Thadei hakuchoka.

Fundi alikuwa Shaabani, mwenye duka dogo karibu na soko. Alikuja nyumbani, akaifungua kompyuta, akapuliza, wingu jekundu likamrudia usoni. Akasema diski imechoka. Angeweza kuinusuru kwa muda, lakini lazima afute kila kitu aanze upya, na kabla ya kufuta, mzee ahifadhi vitu vyake. Akajitolea amhifadhie yeye mwenyewe, bure.

Thadei alikataa. Zile zilikuwa barua za mtoto kwa wazazi wake. Mle ndani alilia, mle ndani alimweleza mama yake maumivu yake ya kila mwezi. Hakutaka kijana wa watu azipitie hata kwa jicho moja. Kwa sababu hiyo hiyo hakuwahi kwenda kuzichapisha dukani. Akamwambia Shaabani, kwa majivuno kidogo, kwamba neno hifadhi asifundishwe. Amekula ndani ya hifadhi miaka ishirini na minane.

Hapo ndipo neno lilipomponza. Kwa Shaabani, kuhifadhi ni kutengeneza pacha, mmoja hapa na mwingine kule, ili huyu akifa yule aishi. Kwa Thadei, hifadhi ni Ngorongoro. Ni lango, ni kibao chenye mshale, na ni maneno aliyowaambia wageni kila asubuhi ukingoni mwa kreta: msiguse, msiokote, acheni kila kitu kama mlivyokikuta. Huko, kibao kikishasimama, mahali pamehifadhiwa. Waulize wafugaji wa Kakesio waliokatazwa malisho, watakueleza nguvu ya kibao.

Na kwenye uso wa kompyuta palikuwa na kibao. Ni alama ndogo ya folda ya njano, imeandikwa WINNIE, na chini pembeni ina mshale. Aliyemwekea ni Noel, mtoto wa dada yake Blandina, ili mzee asihangaike kutafuta barua zilipo. Akaiita njia ya mkato. Thadei alikuwa akibonyeza pale tu, barua zote zinafunguka. Angejuaje kwamba hazikuwa pale?

Akaishika ile alama, akaiburuta mpaka kwenye disketi, kile kipande bapa cha plastiki alichoachiwa na fundi. Ilikwenda kufumba na kufumbua. Barua hamsini na tatu, mwaka mzima wa mtoto, kwa nukta moja. Alishangaa kidogo, kisha akaona ndiyo maajabu yenyewe ya hizi mashine. Akaitoa disketi, akaiandika jina kwa kalamu ya wino, akaitia mfuko wa shati.

Umehifadhi? Shaabani aliuliza kesho yake, alipokuja kuichukua kompyuta. Nimehifadhi. Umehifadhi kila kitu, mzee? Nimehifadhi, kijana wangu.

Shaabani akafuta. Msimlaumu, aliuliza mara mbili.

Siku ya tatu Thadei aliitwa dukani. Kompyuta ilikuwa imepona, imenyamaza, safi kama sahani ya mgeni. Akatoa disketi mfukoni, akaitumbukiza mwenyewe. Folda ya njano ikatokea na mshale wake. Shaabani akabonyeza. Mashine ikatafuta, ikatafuta, ikaleta maandishi mafupi kwamba inachokitafuta hakipo. Akabonyeza tena, maandishi yakarudi yale yale.

Shaabani hakugeuka kumtazama. Alisema taratibu, "Mzee wangu, hii ni njia tu. Inaonyesha pale zilipokuwa."

Thadei alielewa haraka kuliko fundi alivyotegemea, maana mambo ya vibao yalikuwa kazi yake. Alikuwa amekwenda kijijini kuokoa watu, akang'oa kibao cha barabarani, akakibeba kifuani kwa uangalifu mkubwa, na kijiji akakiacha nyuma. Akaomba maji ya kunywa. Akakaa kwenye kigoda cha wateja mpaka adhana ya alasiri, na Shaabani akachelewa kwenda kuswali kwa ajili yake.

Fundi alihangaika siku mbili kuchokonoa diski ile. Aliambulia picha mbili za twiga na orodha ya wageni wa zamani. Akamsaidia mzee kuwaandikia masista Ujerumani, labda barua zilibaki upande wa aliyezituma. Masista walijibu kwa huruma nyingi kwamba mwanafunzi akiondoka, sanduku lake la barua hufutwa baada ya mwaka. Ndio utaratibu wao, na walikuwa wakimwombea. Mlango wa mwisho ukafungwa hivyo, kwa adabu.

Sasa ilibaki kumwambia Blandina. Siku ile alipoichukua kompyuta kurudi nayo nyumbani, Thadei aliifanyia mazoezi sentensi moja njia nzima. Mama Winnie, nimezipoteza. Mama Winnie, nimezipoteza. Alipofika, mezani palikuwa pameshapanguswa na kitambaa cha kudarizi kimefuliwa. Blandina akauliza kama imepona. Imepona. Na barua?

"Nimehifadhi," alisema Thadei, na tangu pale hakuwa na pa kurudia.

Jumapili ikafika, ya kwanza ya Oktoba. Wakatoka misa, wakanywa chai, Blandina akakaa dirishani na ungo wake. Thadei akawasha kompyuta, akafungua ukurasa mtupu, mweupe kama ile theluji, akausoma. Alianza na theluji kwa sababu ndiyo aliyoijua zaidi. Nyuma yake maharage yalianguka kwenye bakuli, moja moja. Alipomaliza, Blandina alishukuru kama siku zote.

Ikaja Jumapili nyingine. Akamsoma bibi wa wodi namba sita. Ikaja nyingine, akasoma ugali. Alijifunza kufumba macho ili kumsikia mtoto vizuri, maana ukurasa ule mweupe ulimchanganya. Kila wiki aliitembea Karatu akinong'ona, kwenye foleni ya mafuta ya taa, kwenye mashina ya kahawa, akikusanya sentensi. Nyingine zilikuja nzima. Nyingine zilikuja zimekatika mguu, naye akaziunga.

Kuunga ndiko kulikomtia hofu. Kufika Krismasi alikuwa na bustani ya hospitali ambayo hakuwa na hakika kama Winnie aliwahi kuitaja. Alikuwa na rafiki Mkorea ambaye labda alikuwa Mreno. Alimfanya mtoto aseme anamkumbuka baba yake, mara nyingi, mara nyingi mno, na Winnie hakuwa mtu wa kusema hivyo kwa wingi. Maneno ya baba yalikuwa yanasukuma ya mwana, yanayatoa nje, yanakaa penye kiti chake. Thadei aliliona hilo likitokea kinywani mwake mwenyewe, na lilimuuma kuliko disketi.

Umehifadhi? alijiuliza akinyoa, akifunga viatu, akipiga magoti kanisani. Umehifadhi nini, Thadei? Na Jumapili haikukawia kufika.

Ule ulikuwa mwanzo wa mwaka elfu mbili na sita, mwaka wa mgao, umeme unaondoka unapotaka na kurudi ukijisikia. Jumapili moja ya Februari walikaa kama kawaida. Jua la saa tano lilikuwa limejaa chumbani. Thadei akawasha, akafungua ukurasa mtupu, akafumba macho, akaanza. Wapendwa baba na mama, natumaini hamjambo, huku leo imeanguka theluji tangu asubuhi. Alisoma vizuri siku ile. Alisoma mpaka akasahau kwamba hasomi.

Alipofikia katikati alisikia kimya. Maharage yalikuwa yameacha kuanguka. Alifumbua macho. Kioo kilikuwa cheusi. Taa ya kijani haikuwaka. Feni haikuhema. Hakujua umeme umekatika tangu lini, wala amesoma barua kiasi gani kutoka kwenye giza.

Hakuthubutu kugeuka. Alimsikia Blandina akiweka ungo chini, akisogeza kiti chake taratibu kutoka dirishani, mpaka kikagusana na cha kwake. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa ameketi mbele ya kile kioo.

"Umekatika tangu kwenye theluji, Baba Winnie," alisema.

Thadei alitaka kutamka ile sentensi aliyoifanyia mazoezi Septemba. Yakaja machozi tu, ya mtu mzima, yasiyo na sauti. Blandina akamshika mkono.

"Nimejua tangu Oktoba. Winnie alianza na mimi siku zote. Aliandika Mama, halafu Baba. Wewe unaanza na wewe."

Akamweleza kwamba ile Jumapili ya kwanza nusura ampigie kelele. Halafu akaogopa kwamba akisema, Thadei atanyamaza, na nyumba ile atabaki nayo bila barua na bila sauti. Basi akanyamaza yeye. Kila mumewe alipokosea alimsahihisha moyoni, kama alivyowasahihisha watoto wa darasa la tatu waliosoma kwa kukariri, kisha akaendelea na maharage. Mengine alikuwa nayo mazima, mengine yalimpotea hata yeye, na aliyalilia hayo peke yake jikoni.

Mwanga wa dirishani uliangukia kioo kilichozimika, na sasa vumbi lake lilionekana lote, jekundu, jembamba, limelala sawasawa. Blandina, aliyelifuta kila asubuhi huku amegeuza uso, leo alilitazama. Nyuma ya vumbi, ndani ya weusi, waliwaona wazee wawili wamekaa bega kwa bega.

"Anza upya," alisema Blandina.

"Mama," alisema Thadei, na baada yake, "Baba." Kilichofuata hakukijua tena, na Blandina akakisema.