Mnara wa Makaa wa Mzee Gao

Kwetu Datong, mji wa migodi ya makaa huku China, harusi bila mnara wa makaa mlangoni si harusi, ni watu wamekutana tu kula. Unapanga mabonge ya makaa ya mawe hadi usawa wa kifua, katikati unatia kuni, unawasha, na bibi harusi akishuka garini anauzunguka moto kabla hajavuka kizingiti. Ukiwaka vizuri, ndoa ina heri. Ukizima, hakuna atakayekwambia kitu usoni, lakini mtaa mzima utakuwa na la kusema hadi wajukuu wazaliwe.

Mwanangu Jianhong alipotaka kuoa, tulishauriwa tumwite fundi wa minara. Nilicheka. Fundi wa nini, na mimi nipo? Mtu niliyezeekea mgodini, hata kikohozi changu ni cheusi! Nikatangaza, kikombe cha pombe ya mtama mkononi, kwamba mnara nitaujenga mwenyewe. Mke wangu Cuiping aliuliza swali moja tu.

"Baba Jianhong, wewe umewahi kuwasha makaa?"

"Mama, mimi nimeyachimba!"

"Sikukuuliza hilo."

Nikaona ananidharau. Wakati mwingine Mungu humpa mtu mdomo akasahau kumwongezea akili.

Asubuhi ya harusi nilijenga kwa madaha. Nilichagua mabonge yanayong'aa, nikayabana hata wembe usipite kati yake, na palipobaki upenyo nikaziba kwa udongo. Jirani yangu Fan, dereva mstaafu wa lori la makaa, aliuzunguka mnara wangu kimya kimya. Nikajua kijicho kimemkaba koo.

Jianhong akapiga simu: wako njiani na bibi harusi, wameshavuka daraja. Nikawasha. Kuni zikatoa moshi, zikafa. Nikawasha tena. Nikapuliza hadi kofia ikadondoka na machozi yakanitoka.

"Gao," Fan akasema, "huo ni mnara au kaburi?"

"Tulia wewe. Makaa mazuri hayana haraka."

"Bibi harusi je, naye hana haraka? Ndugu yangu, hapo umejenga ukuta wa kuzimia moto!"

Nikautazama mnara wangu, nikaona ni kweli. Mgodini moto ni adui. Ukizuka mahali, tunajenga ukuta, tunaziba kila tundu kwa udongo, moto unakosa hewa unakufa. Kazi hiyo niliijua kuliko wote, na mikono yangu ilikuwa imefanya inachokijua. Kuwasha je? Chini kule ukikutwa na kiberiti unafukuzwa kazi. Na nyumbani kila niliporudi, jiko lilikuwa limeshawaka.

Mtaa ucheke utakavyo, nimeshazoea. Nilimhurumia yule binti, atoke kwao mbali, ashuke na shela lake, apokelewe na moshi. Hapo niliogopa kwelikweli.

"Sogea," Cuiping akasema.

Akapiga magoti na gauni lake jipya la hariri. Akabandua udongo kwa kucha, akachomoa mabonge ya chini, na upande mzima wa mnara ukaporomoka, tena ule niliouringia zaidi. Akapanga vijiti vyembamba, akaacha njia upande unakotokea upepo, akawasha njiti moja. Moto ukanguruma, ukapanda, ukatokea juu. Watu wakashangilia na gari likasimama.

Bibi harusi Yaqin akashuka. Akamwona mama mkwe wake mweusi hadi puani, kucha zimevunjika, na baba mkwe pembeni amesimama msafi na kofia mkononi.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," akasema. "Samahani, mchimbaji ni yupi kati yenu?"

Fan alicheka hadi akakaa chini. Na mimi nilicheka, maana sikuwa na pa kujificha.

Desturi yetu, aliyejenga mnara ndiye anayetangulia kuuzunguka, na maharusi wanamfuata. Watu wakaanza kuniita. Nikamshika Cuiping mkono, nikamsogeza mbele yangu. Hakwenda mara moja. Aligeuka, akaniambia polepole, wengine wasisikie:

"Miaka yote hiyo ulikuwa unaamka nyumba ina joto. Ulidhani joto lile linatoka wapi?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa.

"Nilidhani linatoka kwangu."