Nakijwa na Kilima cha Sukari

Jana mchana, baada ya kula, Nakijwa Mbwambo aliota kwamba simu yake imevaa koti jeupe na imeketi kwenye kiti cha wageni, imekunja miguu ambayo asubuhi haikuwa nayo.

Hakushangaa, maana walishazoeana. Nakijwa ni fundi cherehani wa Morogoro, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Wiki tatu nyuma muuguzi wa zahanati alimwambia sukari yake imeanza kupanda, akamwekea kwenye simu msaidizi wa akili mnemba, anayemwandikia kila siku kumuuliza amekula nini na ametembea kiasi gani. Dada yake Namkunda, aliyeko Same, alikatwa mguu mwaka juzi kwa ugonjwa huohuo. Tangu siku hiyo Nakijwa hajampigia. Kila akishika simu anauona ule mguu, anaiweka chini.

"Bi. Nakijwa," simu inasema, "leo umeweka vijiko vingapi kwenye chai?"

"Vinne."

"Nimekusikia ukisema vinne."

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Naona pia umekereka."

Kopo la sukari lililokuwa mezani likakohoa. "Niulizeni na mimi basi. Miaka thelathini nimekaa na mama huyu. Hata msiba wa mumewe nilikuwepo, nilichotwa tangu alfajiri. Wewe wa wiki tatu unamjua vipi?"

Simu ililisikiliza kwa adabu mpaka likamaliza, kisha ikamgeukia Nakijwa. "Ushauri wa kwanza ni kubadilisha mazingira."

Mazingira yakabadilika. Jiko liliondoka na kuta zake, na Nakijwa akajikuta chini ya kilima cheupe kinachometameta juani. Alichota kidogo akaonja. Sukari tupu.

"Kule juu kuna nini?"

"Lengo lako. Uliliandika mwenyewe."

"Mimi niliandika nataka kubaki na miguu yangu yote miwili."

"Ndiyo. Ipo juu."

Nakijwa anatazama chini. Kandambili zipo, lakini ndani yake hamna kitu. Kileleni miguu yake imesimama wima ikimsubiri. Aliitambua kwa kovu la pasi kwenye ule wa kulia.

"Sasa nitapandaje?"

"Kwa hatua ndogo ndogo," simu ikasema, na hatua zenyewe zikachomoza mfukoni mwake, kila moja ndogo kama kifungo cha shati. Nakijwa akaweka ya kwanza mbele yake. Ikambeba. Akaweka ya pili. Moja ilikuwa imeandikwa KIJIKO KIMOJA PUNGUFU, nyingine SOKONI KWA MGUU, nyingine MAJI BADALA YA SODA. Alizipanga kama anayeshona gauni la bibi harusi, bila kuinua kichwa, na jasho likimtoka.

Walipofika katikati simu ikauliza, "Kati ya sifuri na kumi, una uhakika kiasi gani kwamba utafika?"

"Sita."

"Kwa nini sita na si mbili?"

Nakijwa alifikiri. "Kwa sababu mbili nimeshaipita."

Hapo ndipo kopo la sukari lilipotokea nyuma yao likijiviringisha, limebeba kikombe cha chai ya tangawizi. "Mama, inapoa," likasema kwa huruma. Nakijwa akageuka kutazama, na sukari ikaporomoka chini yake.

"Nimeteleza!"

"Ahsante kwa kunieleza," simu ikasema. "Kuteleza si kuanza upya."

Ni kweli hakurudi mwanzo. Alikwama katikati ya kilima, ila alikuwa anazama. Sukari ilimfika kiunoni, ikamfika kifuani.

"Nishike mkono!"

"Sina mkono, Bi. Nakijwa," simu ikasema, ikatikisa koti lake. Mikono ya koti ilining'inia mitupu. "Mimi ni wa kuuliza na kukumbusha. Hapa anahitajika mtu. Nimpigie nani?"

Sukari ikafika kidevuni.

"Dada," akasema. "Mpigie dada Namkunda."

Namkunda yuko pale pale, ameketi kwenye kiti cha plastiki, kilemba kichwani, mguu mmoja.

"Miaka miwili," anasema. "Na unanipigia ukiwa umeshazama."

"Niliogopa, dada."

"Mguu umekatwa wangu, woga ukauchukua wewe. Haya, lete mkono."

Akakaza mguu wake kwenye kopo la sukari, ambalo lililalamika sana, akavuta. Alivuta kwa mkono wa kulia, meno ameyauma, huku Nakijwa akipanga hatua kwa mkono uliobaki, moja, nyingine, nyingine tena, mpaka wote wawili wakawa kileleni wakihema. Nakijwa akaichukua miguu yake akaivaa, akaijaribu kwa kupiga chini. Ilimkaa vizuri.

"Kati ya sifuri na kumi…" simu ikaanza.

"Subiri kwanza," Nakijwa akasema. "Natembea."

Akaamka mkekani. Jua lilikuwa bado kali dirishani. Aliishika simu, na kabla woga haujamkuta, akapiga Same.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Nakijwa. Ngoja nihamishie simu mkono wa kushoto."

"Wa kulia una nini?"

"Hata sielewi. Nilijilaza kidogo baada ya kula, nimeamka bega linauma kama nimevuta maji kisimani kutwa nzima." Namkunda akauliza taratibu, "Mdogo wangu, kwani siku hizi una kilo ngapi?"

Nakijwa alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake.

"Nyingi, dada," akasema. "Usikate simu. Nataka tuzungumze huku natembea."