Makumbusho Yenye Viwanja Viwili

Mfano wa makumbusho niliutengeneza kwa makaratasi magumu, nikauweka juu ya jiwe, pale pale kilimani Pasiansi ambapo jengo lenyewe lingesimama. Kuta zingekuwa za udongo ulioshindiliwa. Madirisha yangeelekea ziwani, upepo ufanye kazi ya viyoyozi. Mawe makubwa tuliyaacha yalivyo, jengo likapita katikati yao. Na juu ya yote paa moja pana, lililobonyea kama kiganja, la kukinga na kukusanya maji ya mvua ya mwaka mzima. Tulikuwa tumeahidi kwamba makumbusho haya hayatanunua maji kamwe, na kwa ahadi hiyo kamati ya makumbusho ilitupatia kazi. Lilikuwa jengo langu la kwanza tangu nimalize chuo.

Bosi wangu, msanifu Nestory, aliwaalika manju wawili waje kuona. Luhende anaongoza Bagalu, Machibya anaongoza Bagika, vyama vya ngoma ambavyo vimeshindana Usukumani tangu enzi za babu zao. Ngoma zao kongwe ndizo zingekuwa moyo wa makumbusho. Bila hizo tungejenga vyumba vizuri vitupu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu." Luhende aliinama kutazama. "Hili paa limebonyea kama mgongo wa Machibya siku niliyomshinda kule Magu."

"Ulishinda kwa sababu mvua ilinyesha upande wangu tu," Machibya akajibu. "Binti, tutachezea wapi?"

Niliinua paa, nikawaonyesha ukumbi: jukwaa mbele, na viti vya plastiki iliyoyeyushwa upya, vimekazwa sakafuni. "Bagalu wataanza, kisha Bagika."

"Kisha?"

"Ndiyo, baba. Kwa zamu."

Walitazamana, wakacheka mpaka Machibya akashika jiwe asianguke. "Kama kwaya za shule!"

Mimi ni Najat, mtoto wa wafanyabiashara wa Mabatini. Ngoma za Kisukuma nilikuwa nimeziona kwenye sherehe za serikali, kikundi kikitoka kingine kinaingia. Nilidhani ndivyo zilivyo.

"Sisi tunapiga wakati mmoja," Luhende alinieleza, akifuta machozi. "Yeye kule, mimi huku. Mtu anakwenda anakovutwa. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Sasa wewe umewakalisha kama ng'ombe zizini. Nitamnyang'anyaje huyu watu wake?"

"Lakini ngoma za maonyesho mtatupatia?" Nestory aliuliza.

Kicheko kikakatika. "Ngoma isiyoweza kushindana ni gogo na ngozi," Machibya alisema. Luhende akaitikia kwa kichwa. Wakaondoka pamoja, bado wakitaniana.

Ofisini niliondoa viti vyote. Haikutosha. Vikundi viwili vinahitaji umbali, la sivyo ngoma zinamezana, na watu wanahitaji pa kukimbilia. Njia iliyobaki ilikuwa kuligawa paa na kuacha uwanja wazi katikati. Maji yangetosha msimu wa mvua. Kiangazi, ambacho ndicho msimu wa mashindano, tungenunua.

"Paa ndilo lililotupa kazi," Nestory alisema. "Ukilikata, kamati utaiambia mwenyewe."

Nililia kidogo, sitaficha. Chuoni nilijifunza kupima joto, mvua na jua, na bado naamini vipimo hivyo. Ndoo ya maji ni ndoo ya maji, hasa kwa mji unaolitegemea ziwa kiasi hiki. Lakini nilijiuliza jengo litadumu kwa ajili ya nani kama wenye ngoma hawatarudi baada ya siku ya ufunguzi.

Mwenyekiti wa kamati, Mama Selina, mwalimu mstaafu, alinisikiliza bila kutabasamu. "Mlituahidi."

"Ndiyo, mama. Naomba mje kilimani kabla ya kukataa."

Walikuja Jumamosi, na manju wote wawili niliwaomba waje na vikundi vyao. Nilichora viwanja viwili kwa chokaa, na katikati, mahali ambapo paa langu la mwanzo lingefunika, wasaidizi wakamwekea Mama Selina kiti. Ngoma zikaanza pande zote. Luhende akatoa sanamu ya mbao inayotikisa mabega, watu wa Pasiansi wakamkimbilia. Machibya akajibu kwa wimbo kwamba ng'ombe wa Luhende ni wa kuazima. Wakarudi kwake mbio, wakishikana mikono, wakicheka. Nestory alikwenda, akarudi, akaenda tena. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Mama Selina alikuwa kwa Bagika, kitenge amekifunga kiunoni.

Alinijia akitweta. "Hapa katikati pasiezekwe."

"Maji yatapungua, mama."

"Yatapungua. Waambie watu wazi, tena kabla hatujaanza kujenga. Na mtafute namna nyingine ya kubana matumizi yake."

"Nitatafuta."

Luhende alikuwa amesikia. "Ngoma zangu nitaleta. Ila upande wa upepo wa ziwa ni wangu."

"Wako tangu lini?" Machibya akamaka. "Binti, usimsikilize! Jasho lake limezoea jua!"

Niliwaacha wakibishana, nikachukua tepu, nikaenda kupima mianya ya mawe ambamo upepo unapita.