Viwiko vya Vahinerii

Kwetu kisiwani Huahine hakukuwa na mwanamke mwenye mikono kama ya Vahinerii. Gunia la mbata alilibeba begani kama mto wa kulalia. Ndiyo maana tulipounda timu ya ngalawa ya wanawake sita, tulimwita wa kwanza.

Lakini kila mazoezi, kabla hatujafika nusu ya njia, mikono yake ilikuwa hoi na ngalawa imezubaa.

"Wifi, unapiga kafi au unakoroga mchuzi?" aliuliza Moea, dada wa mumewe, aliyekaa nyuma kabisa akituongoza.

"Mchuzi wa kaka yako. Anakula kuliko nyinyi wote."

Tulicheka, ila yeye moyoni hakuwa na raha. Siku moja akasema anaacha, aje mwenye pumzi. Moea hakumbembeleza. Alichana kitambaa chake vipande viwili, akamfunga vijiti kwenye viwiko visikunjike.

"Haya, piga kafi."

"Na mikono imekakamaa hivi?"

"Mikono ishike tu. Kanyaga kwa mguu, zungusha kiuno, mgongo ufuate."

Mapigo ya mwanzo alinimwagia maji usoni, mimi niliyekaa nyuma yake. Kisha nikauona mgongo wake ukigeuka wote, kuanzia nyonga hadi bega, kisigino kikikandamiza ubao. Ngalawa ikaruka mbele, kofia yangu ikabaki majini.

"Nani huyo?" Moea aliuliza.

"Nadhani ni mimi," Vahinerii akajibu taratibu.

Siku ya mashindano alikuja bila vijiti. Mabingwa, wanawake wa ng'ambo ya ghuba, wakamwangalia.

"Leo mmeleta mpiga kafi au mbeba magunia?"

Vahinerii akaingia ngalawani, akashika kafi. Mpaka mzunguko wa mwisho walikuwa wametuacha kwa urefu wa ngalawa nzima. Moea akapiga ukelele, Vahinerii akageuka, nasi sote tukageuka naye kama mwili mmoja. Tuliwafikia, tukawa sambamba nao, tukasikia wanavyohema. Kisha tukawapita.

Ufukweni tuliruka majini tukikumbatiana. Vahinerii pekee alibaki ameketi ngalawani.

"Mikono mizima kabisa," alisema. "Miguu ndiyo imegoma. Na mbavu."

Mumewe akaingia majini kumbeba. Alipiga hatua tatu, akateleza, wakazama wote wawili. Vahinerii aliibuka akicheka mpaka akashindwa kusema, na Moea akawavuta wote kwa kola.