Alama Mbili za Kuuliza

Kufikia saa tatu asubuhi mchapaji wa duka la fotokopi alikuwa amechapa barua tatu za kuomba kazi na tangazo la kitambulisho kilichopotea. Kila alipopumzisha vidole alitazama saa ya ukutani. Ofisi ya tasnifu chuoni ilikuwa inafungwa saa kumi.

Msimamizi wa tasnifu ya marehemu mdogo wake alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno. Chuo kimekubali kumpa marehemu shahada yake, ila tasnifu ifike leo Ijumaa, ikiwa imepangwa kwa Latek, programu ya kuchapia hisabati ambayo idara inaitaka. Jumatatu jina linafutwa.

Mdogo wake alimaliza kuiandika wiki mbili kabla ya homa iliyomuua. Nyumbani walimwita Profesa tangu darasa la nne. Msibani mama yao hakulia sana. Aliuliza tu, "Na cheti chake?" Tangu hapo ameuliza hivyo kila Jumapili.

Mchapaji aliivua shingoni flashi ya marehemu, akaifungua kwa programu ile ile ya kuchapia barua. Skrini ikajaa vijistari vya mshazari, mabano na maneno yaliyokatwakatwa. Hesabu hazikuwemo.

"Haijaharibika, dada," alisema mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa akisubiri fotokopi. "Hayo ni maagizo. Latek inayasoma, halafu inatoa kurasa. Sasa Latek yenyewe iko nzima na iko ndogo. Nzima ina kila kitu, lakini kuishusha mtandaoni ni nusu siku. Ndogo inashuka upesi, ila kila ikikosa kitu inarudi mtandaoni kukiomba."

"Wewe ungechukua ipi?"

"Mimi? Ningeanza jana." Alicheka, akachukua karatasi zake akaenda.

Mwenye duka alikuwa amesikia. "Bando hilo ni la wateja."

"Leo na mimi ni mteja, bosi."

"Mteja gani anakalia kiti changu?" Akatazama ile flashi. "Haya. Likiisha usinitazame usoni."

Mchapaji alichagua ndogo, kwa sababu ya woga tu. Mstari wa kijani ulitambaa. Mara taa ya dukani ikapepesa, naye akaweka kiganja juu ya kompyuta kama mtu anayempima mtoto joto. Umeme haukukatika. Programu ilipokaa sawa akaiendesha, na papo hapo ikaanza kuomba: hiki sina, nikilete? Alikubali bila kusoma. Ilipoomba mara ya kumi na moja, bando liliisha. Hakumtazama mwenye duka. Aliwasha mtandao wa simu yake, akaendelea kubonyeza.

Saa saba na nusu kurasa zilitokea. Hesabu zilikaa katika umbo lake, na juu kabisa lilikuwepo jina la mdogo wake, limesimama katikati. Aliogopa kulitazama muda mrefu. Akatoa nakala, akaibana kwa duara za plastiki, akatoka mbio.

Karani wa ofisi ya tasnifu, wanaomfahamu walimwita Rula. Aliweka rula yake pembeni mwa ukurasa wa kwanza, wa kumi, wa hamsini. "Pambizo sawa." Kisha kidole kikasimama. "Na hii nini?"

Alisoma kwa sauti: "Kama ilivyooneshwa katika mlinganyo alama ya kuuliza, alama ya kuuliza." Akafunua mbele. Kila palipotakiwa namba palikuwa na alama mbili za kuuliza, nyeusi tii. "Marehemu anamuuliza nani?"

Mtu alicheka kwenye meza ya nyuma.

"Rudi nayo. Nafunga saa kumi, na saa yangu iko mbele."

Mchapaji alirudi dukani. Alipitia kila amri ya programu, hakuona kosa. Ndipo akaanza kusoma maagizo yenyewe toka juu. Mistari iliyoanza na alama ya asilimia alikuwa ameiruka asubuhi, akidhani ni takataka, maana haikutokea kwenye kurasa. Ule wa kwanza uliandikwa:

"% Endesha MARA MBILI, mzee. Ya kwanza inazitafuta namba, ya pili inazipachika. Umesahau tena, kichwa maji wee!"

Ilikuwa sauti ya mdogo wake kabisa. Hata akitafuta viatu alikuwa akijigombeza vile vile.

Mchapaji alifuta macho kwa mkono wa gauni, akabonyeza mara ya pili. Alama za kuuliza zikaondoka, namba zikakaa mahali pake. Akatoa nakala mpya, akaibana.

Alifika tena kwa karani zikiwa zimebaki dakika saba. Rula alipima upya kila kitu, kisha akasukuma fomu mbele. "Mtahiniwa asaini hapa."

"Mtahiniwa ndiye marehemu, mzee."

"Nimekuelewa, mama. Pole. Lakini nafasi hiyo ikibaki wazi siwezi kupokea."

"Sasa nijaze nini?"

"Hilo si langu. Isiwe wazi tu." Alianza kukusanya funguo zake.

Mchapaji alichukua kalamu. Akisaini jina la mdogo wake, ni kughushi, na kwa kughushi chuo hufuta kila kitu. Akiacha wazi, Jumatatu jina linafutwa. Aliinama, akaandika alama mbili za kuuliza, akazikoleza. Kisha akasubiri kelele.

Rula alitazama nafasi ile, akaona ina wino. Akagonga muhuri, akamkatia stakabadhi, akafunga dirisha.

Aliisoma nje, getini. *Imewasilishwa na mtahiniwa mwenyewe. Ametambuliwa.* Akaisoma mara ya pili, akitazama nyuma kama kuna anayemwita.

Hakuna aliyemwita. Aliikunja mara nne, akaishika kiganjani pamoja na flashi. Jumapili mama atauliza. Naye atamwambia kwamba chuoni wameandika mwanawe alifika.