Ng'ombe wa Night Poni

Ofisi ya ushauri wa masomo na kazi ilifunguliwa Jumatatu katika stoo ya majembe ya shule, nje kidogo ya mji wa Koboko. Bwana Dramadri, aliyetumwa kutoka Arua kuianzisha, alikuwa bado anapangusa meza ng'ombe wa kwanza alipofika. Alikuwa na kiwele kilichovimba. Alijipanga nyuma ya Night Poni, mwanafunzi wa kidato cha nne, akangoja zamu yake.

"Hii ng'ombe iko yako?" Dramadri aliuliza.

"Hapana, sir. Iko mgonjwa tu."

Night alitaka kuwa daktari wa mifugo, akalitaka jambo hilo mpaka likamnyima usingizi, na habari zilikwisha fika mpaka malishoni Lurujo. Kila ng'ombe aliyeumwa alikuja mwenyewe, bila mchungaji. Wengine walivuka mpaka wa Kongo, wala askari hawakuwauliza vitambulisho. Na adabu walikuwa nayo, jamani, kuliko kidato cha pili! Mkuu wa shule alilalamikia samadi, kisha akaanza kuipeleka kwenye mihogo yake.

Dramadri alimsikiliza Night kwa moyo. Halafu, shingo upande, akamweleza kwamba chuo cha ufundi kimepata cherehani mpya, na kila moja imekwisha andikiwa msichana. Nafasi za mifugo zilikuwa za wavulana.

"Lakini sir, ng'ombe si hii hapa?"

"Naiona, mtoto wangu. Lakini mashine nazo iko pale, zinangoja mutu."

Pitia, babake Night, askari mstaafu, alisema amri ni amri. Night alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Ng'ombe walimfuata polepole, wasimkanyage.

Muhula ulipoanza walihamia naye chuoni. Mwalimu wa ushonaji, Madam Prossy, aliagiza tu mlango upanuliwe. Asubuhi moja akaingia fahali mweusi, ubavu umechanwa na senyenge. Wasichana wakasogeza viti. Night alinawa, akachemsha sindano, akashona, na furaha aliyokuwa nayo siku hiyo hajawahi kuipata tena. Fahali alisimama kimya, akitazama chati ya vipimo ukutani.

Madam Prossy alivaa miwani, akainama kukagua.

"Mshono umenyooka, binti. Lakini uzi mweupe kwa mweusi? Tena hukuacha nafasi. Akinenepa je?"

Akampa saba kwa kumi, somo la magauni. Night akasema ahsante, madam, akamwita anayefuata.